Ndege Waliokatwa Daftarini

Wazee hungoja mvi ziwajae ndipo waketi kuandika kumbukumbu zao. Mimi nina ndevu saba, nimezihesabu kwenye kioo, na bado navaa kaptura ya skuli. Lakini mwezi uliopita nilialikwa harusini Likoni, nikawekwa kwenye sinia moja la pilau na Mwalimu Shee, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipoacha kusomesha. Tulikuwa watu sita tumelizunguka sinia. Nikatoa kichekesho juu ya bwana harusi na viatu vyake vya kuazima, watu wakacheka mpaka mchele ukawatoka, na Mwalimu Shee naye akacheka. Ila alicheka nyuma kidogo ya wengine, baada ya kuzungusha macho na kuona kwamba vinywa vyote vimefunguka. Wenzangu hawakuona kitu. Mimi niliona, kwa sababu najua hakusikia hata neno moja, na najua nilikuwa nimesimama wapi siku alipojua yeye mwenyewe kwamba hasikii. Tangu harusi ile nimekaa na hasira ambayo nilidhani imekwisha, na kwa kuwa hasira haifanyi mtihani wala haiendi dukani, nimeona niitie kwenye karatasi. Atakayesema mimi ni mdogo mno kuwa na kumbukumbu na asubiri miaka arobaini, nitamwandikia zile ndefu.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata vita. Sukari bado ilikuwa ya kupimiwa, askari walikuwa wakirudi na makoti mazito yasiyojua joto la Mombasa, na mimi nilikuwa mwanafunzi Changamwe mwenye ustadi mmoja tu duniani, nao ni kuiga sauti za watu. Siku moja nilisimama nje ya dirisha la darasa nikakohoa kikohozi cha hedimasta. Darasa zima likainuka kwa heshima, na mwalimu aliyekuwa akisinzia mezani akazinduka na kuanza kufundisha hesabu katikati ya somo la jiografia. Ilikuwa kazi safi, isipokuwa hedimasta mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Ilikuwa nifukuzwe. Aliyeniombea ni Mwalimu Shee, mwalimu wetu wa maarifa ya viumbe, mtu mrefu, mtaratibu, wa ukoo wa zamani wa hapa pwani, ambaye kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kuiandikia barua. "Nipeni mimi Jumamosi zake na Jumapili zake," alimwambia hedimasta. "Mwenye kinywa cha namna hii hakosi masikio." Nilidhani nimeponyoka. Laiti ningejua, ningeomba viboko.

Mwalimu Shee alikuwa akihesabu ndege. Chini ya kota za reli, Chaani, palikuwa na kichaka kizito kilichoteremka mpaka kwenye mikoko ya hori, na kila mwaka tangu kabla ya vita alikuwa akikipita kituo kwa kituo akiandika ndege waliomo, si kwa macho bali kwa masikio, kwa sababu mle ndani ukitazama utaona majani na ukitazama tena utaona majani mengine. Vituo vilikuwa sita, kila kimoja kimefungwa kitambaa kwenye mti. Hapo husimama watu wawili, mgongo kwa mgongo, kwa dakika kumi za saa yake ya mfukoni. Hakuna kusema, hakuna kuonyesha kidole, hakuna kukohoa, na nadhani hilo la tatu alilitia kwa ajili yangu. Kila mmoja huandika katika daftari lake alichosikia, na upande gani, karibu au mbali. Kazi ikiisha, madaftari hulinganishwa barazani kwake. Ndege aliyesikiwa na wote wawili huingia kwenye daftari kubwa kwa wino. Aliyesikiwa na mmoja hukatwa. "Mashahidi wawili," alinieleza siku ya kwanza, "kama kwa kadhi. Mtu mmoja husikia apendacho."

Na mwaka ule daftari lilikuwa na kazi kubwa kuliko miaka yote. Ofisi ya ardhi ilitaka kukifyeka kichaka ijenge nyumba za makuli wa bandarini. Bwana mmoja wa jumba la makumbusho la Nairobi, aliyekuwa akipelekewa hesabu za Mwalimu kabla ya vita, alimwandikia kwamba ikiwa aina za ndege bado ni nyingi kama zamani, atawaombea wakubwa waiache sehemu ya chini, kuanzia kituo cha tatu mpaka horini. Orodha imfikie kabla ya mwezi wa nane. Basi jambo lilikuwa hilo, nalisema mapema ili mtu asiniambie nimemficha: majina yakitosha kichaka kibaki, yasipotosha kiende.

Watu hudhani kusikiliza ndege ni starehe. Simama wewe. Kituo cha kwanza kilikuwa nyuma ya kota za reli, na saa kumi na mbili u nusu treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa mabehewa, behewa likigonga behewa mpaka meno yanauma, na katika dakika zako kumi nne zimekwenda na chuma. Kituo cha pili kilikuwa na mnazi ambao mgema wake alipenda kuimba akiwa juu, na aliimba vibaya. Kuanzia cha tatu hapakuwa na watu, lakini majani yalikuwa mazito hata ndege aliye hatua ishirini sauti yake ikakujia kana kwamba yuko ng'ambo ya maji. Kusi ikivuma, nayo mwezi wa sita haina adabu, makuti yote huchakarika na huna utakachosikia ila makuti. Kukiwa kumenyesha, matone hudondoka asubuhi nzima, na kila tone lataka kuandikwa ndege. Jua likipanda, madume huacha kuimba wakaenda kutafuta riziki kama waume wengine, hata ukifika kituo cha sita umechelewa kidogo utaapa ndege wamehama. Halafu kuna tiva, mke na mume. Mmoja huanza wimbo na mwenziwe akaumaliza kwa upesi hata ukaandika mmoja palipo wawili. Halafu kuna kurumbiza, ambaye huiba sauti za wenzake, akanifanya niandike ndege watatu mahali alipo yeye peke yake. Huyo nilimheshimu. Alikuwa mtu wa kazi yangu.

Jumamosi ya tatu uvumilivu ulinishinda. Tuko kituo cha nne, mbu wananila, Mwalimu kanipa mgongo. Nikapiga mluzi kwa pembe ya mdomo, sauti tatu zikishuka na moja ikipanda, ndege asiyekuwako duniani. Nikasikia penseli ya Mwalimu inakwenda mbio. Nami, kwa kuwa mashahidi lazima wawe wawili, nikamwandika. Barazani alinitazama kama mtu aliyepata barua kutoka Makka. "Nawe umemsikia?" "Nimemsikia, Mwalimu." Akafungua vitabu vyake vyote, asimpate, akamwandika kwa wino: mgeni, kituo cha nne. Juma lililofuata tulisimama pale nusu saa tukimngoja mgeni, nami kwa huruma nikamleta. Juma la pili yake, katikati ya mluzi, mbu aliniuma mdomo, mgeni akatoa sauti ya punda, nikacheka. Mwalimu aligeuka polepole. Hakunipiga, hata hakupaza sauti. Nyumbani alifungua daftari kubwa, akalikata lile neno kwa rula, akasema, "Tangu leo, Sudi, neno lako likiwa peke yake si nusu ya ushahidi. Si kitu." Niliona adhabu nyepesi sana, nikala mahamri yangu kwa raha.

Uzito wake nilianza kuuona mwezi wa tano. Mvua za masika zilikuwa zimewatia ndege wazimu, kila dume likiimba kama lililokodiwa, na daftari langu likawa linajaa mpaka pembeni. La Mwalimu likawa na nafasi nyeupe. "Chozi, kituo cha tatu," nasoma mimi, maana yake yule kidege mwenye mdomo uliopinda anyonyaye maua. "Sikumsikia," asema Mwalimu. "Alikuwa karibu." "Angekuwa karibu ningemsikia." Rula, mstari. Kuna kimoja kidogo cha kijani chenye duara jeupe jichoni, huenda kwa makundi vikisemezana kwa sauti kama nyembe: rula, mstari. Kuna kingine cha majanini ambacho wimbo wake ni kama msumari unaokwaruza bati. "Huyo ni panzi," asema Mwalimu, na mstari. Wakabaki tetere, dudumizi, tiva, kurumbiza, watu wanene wa sauti. Kila juma orodha ya mwaka ule ilisimama pale pale, na kila juma Mwalimu aliilinganisha na ile ya kabla ya vita akatikisa kichwa. "Wamekwenda," alisema. "Hata kabla ya mashoka. Moshi wa treni huu." Nami nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwao, wananipigia kelele sikioni.

Mtu niliyemwambia ni Karisa, mwenzangu wa dawati, kijana wa Rabai ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli. Karisa alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani mara mbili kwa Jumapili na hakucheka ovyo, ila masikio yake yalikuwa mazuri na ndege aliwajua tangu alipokuwa akichunga mbuzi za babu yake.

"Amewakata wote wadogo?" aliniuliza.

"Wote."

"Hao ndio wengi. Mwambie."

"Nimemwambia. Siku hizi hata nikimwambia kumekucha, atatoka nje kutazama."

"Umejitakia," Karisa alisema, akarudi kwenye hesabu zake. Rafiki wa namna hii hanunuliwi, hutumwa kukuadhibu.

Nyumba ya Mwalimu nikiikumbuka naikumbuka kwa tumbo. Alipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya makuti, cha mbele kikiwa na mkeka, rafu ya vitabu, na pazia la maua lililokitenga cha ndani, ambako ndiko kwa mkewe, Bi Zuhura. Tukirudi kichakani tunakuta mahamri chini ya kawa na mbaazi za nazi zinazotoa moshi, na kwa kuwa sukari haikuwapo, chai tunainywa na tende, unauma tende unameza chai. Bi Zuhura alipika kama mtu anayetaka kusamehewa, au anayetaka kumwonyesha mtu atakachokikosa. Hilo la pili nilikuja kulielewa asubuhi moja Mwalimu alipotoka kwenda kisimani kuosha miguu. Nyuma ya pazia alikuwamo yeye na jirani yake, wanachambua mchele, na walidhani nimeshughulika na mbaazi.

"Namwita mara tatu," Bi Zuhura alisema, "ya nne ndipo aitike."

"Wanaume hao."

"Si hivyo. Zamani nikishusha pumzi tu jikoni huuliza nina nini. Sasa nasimama nyuma yake nasema chai tayari, kimya. Mtoto wa dadangu kampa shikamoo juzi, yeye kampita kama kiti."

"Yuna mtu."

"Ndilo nisemalo mie. Na hizi safari za alfajiri. Ndege gani hao wasiokwisha?"

"Si umwulize huyo kijana."

Pazia likasogea, jicho likanitazama, nikameza hamri zima. Bi Zuhura akatoka na ungo mkononi. "Sudi mwanangu, huko muendako, muenda wawili tu?"

"Wawili tu, Bi Zuhura."

"Wallahi?"

"Wallahi. Na yeye hunipa mgongo saa nzima. Kama yuna mtu, basi ni wa mikokoni."

Hakucheka. Akaniongezea mbaazi bila kunitazama, na huo ndio wakati wa kwanza nilipoona kichekesho changu kimeanguka chini na hakuna wa kukiokota. Njiani kurudi nikawa nayapanga maneno yake. Sauti ya mke. Sauti ya mtoto. Chozi, kijani cha jicho jeupe, msumari kwenye bati. Treni anaisikia. Hedimasta anamsikia, tena kwa masikitiko. Tetere anamsikia, na mluzi wangu, ambao ni wa sauti nene, aliusikia. Zinazompita ni nyembamba zote. Mimi si mwepesi wa kufikiri, lakini hufika. Nilifika karibu na lango la reli, nikasimama pale mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikiwa na hofu. Ungefikiri ningefurahi, kwa kuwa nilikuwa nimesingiziwa uongo miezi miwili na sasa nina jibu. Lakini jaribu wewe kumwambia mtu mzima, mwalimu wako, aliyekuokoa usifukuzwe, kwamba masikio yake yamekwisha. Na amini kwamba atakuamini, wewe wa mluzi. Vituo vinne vikapita nikiwa sijasema kitu. Kituo cha tano chozi alitua mbele yangu, kwenye tawi jembamba, karibu hata ningemgusa kwa fimbo. Akaanza kuimba. Nikageuza shingo kidogo: penseli ya Mwalimu imetulia. Chozi akaongeza. Penseli imetulia. Nikavunja sheria zote. Nikamshika Mwalimu bega, nikamgeuza, nikamwonyesha kwa kidevu.

Alinikunjia uso kwanza. Kisha akamwona. Asubuhi ile hapakuwa na upepo, treni ilikuwa imekwisha kuondoka, mgema hakuja. Sidhani palipata kuwa na ukimya kama ule kichakani mwaka mzima. Na katika ukimya ule kidege kile kimesimama, mdomo wazi, koo linatetemeka, mkia unapiga.

"Yuafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Yuaimba, Mwalimu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akasogea hatua moja. Akaweka kiganja nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto. Chozi hakuruka, alikuwa na jambo lake la kusema na hakujali nani amsikie. "Sudi," Mwalimu alisema, bila kuondoa macho kwenye tawi, "kama huu ni mmoja katika michezo yako, niambie. Sitakasirika."

Nilitamani uwe. "Si mchezo, Mwalimu."

"Na bado yuaimba."

"Amenyamaza. Sasa ameanza tena."

Akatoa saa yake mfukoni, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kujua saa. "Dakika tatu zimebaki," akasema, akanipa mgongo, tukazimaliza. Kituo cha sita tulikwenda vilevile. Hakuandika kitu.

Nyumbani hakuketi kula. Aliingia ndani, nami nikabaki na mahamri yangu, na nasema kweli nilijaribu kutosikiliza, ila nilikuwa nimefunzwa miezi mitano kusikiliza. "Zuhura," nikamsikia, "ukiniita, huniita mara ngapi?" "Mara nne," alijibu mkewe. "Mie husikia moja." Mchele ukaacha kumiminika kwenye ungo. Kisha Bi Zuhura akasema kwa sauti ndogo sana, "Kwa hivyo hapana mwanamke." "Umesemaje?" Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Mwanamke gani?" Mwalimu aliuliza. Hapo Bi Zuhura akaanza kulia, au kucheka. Pazia lilikuwa zito, sikuweza kupambanua, na yeye aliyekuwa karibu naye nadhani hakuweza pia.

Yalikuwa yamebaki majuma mawili ya kupeleka orodha. Nilimfuata Mwalimu skuli, nikamwambia, "Turudishe waliokatwa. Wote wamo katika daftari langu, na siku zao."

"Ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu kwa kuwa wewe..."

"Malizia."

"Kwa kuwa wewe husikii, Mwalimu."

"Naam. Basi hapakuwa na shahidi wa pili." Alisema kwa upole, kama anayenieleza hesabu ya kugawa. Ningeweza kung'oa dirisha. Nilichoambulia ni ruhusa ya kumleta Karisa asimame mahali pake, na Karisa akaomba udhuru kanisani, jambo ambalo najua lilimgharimu. Wikiendi ya kwanza ilinyesha siku zote mbili. Tulisimama chini ya majani yanayodondoka tukapata ndege wawili, mmoja akiwa na shaka. Ya pili Jumamosi ikawa ya kusi, makuti matupu. Jumapili, kiasi cha nusu saa baada ya kucha, upepo ukakatika kama uliofungiwa mlango. Tulikuwa kituo cha tatu. Wakaja wote. Chozi, kijani cha jicho jeupe, msumari kwenye bati, na wengine wawili ambao Karisa aliwajua kwa lugha ya kwao tu. Tukakimbia kituo mpaka kituo, tukasimama, tukaandika, penseli yangu ikavunjika nikaichonga kwa meno. Barazani Mwalimu aliyaweka madaftari yetu mawili ubavu kwa ubavu, kidole kimoja huku, kingine huku, akateremka jina kwa jina, na kila jina la huku lilikuwa na mwenziwe kule. Akawaandika kwa wino. Orodha haikufika ya zamani, lakini iliikaribia, na mimi niliona kichaka kimesimama.

Kisha akaandika barua. Aliiandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wake wa rula, akatusomea kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha, na mzuri. Ukurasa wa pili alieleza kwamba yeye mwandishi hasikii tena ndege wa sauti nyembamba. Kwamba hajui tangu lini, na huenda hesabu za mwaka uliotangulia nazo zina upungufu. Kwamba wale wa mwisho walisikiwa na wanafunzi wawili katika asubuhi moja.

"Usimwandikie hilo," nilisema.

"Kwa nini?"

"Hakukuuliza. Nani atajua?"

"Atakayehesabu baada yangu. Atalinganisha na kuona wameongezeka ghafla, atafute sababu isiyokuwapo."

"Wakifyeka hapatakuwa na cha kulinganisha, Mwalimu. Ndege tumewasikia. Si uongo. Nakuomba uache tu karatasi moja."

Karisa, ambaye sikutazamia aniunge mkono, aliunga. "Hawatawaamini watoto," alisema.

"Huenda," Mwalimu alisema. Akazikunja karatasi zote mbili, akazitia kwenye bahasha, na hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni hekima au ni ukatili. Alinipa mimi. Haikuwa imefungwa. "Gamu yangu imekauka," alisema. "Ipitishe posta, uifunge huko."

Nilikwenda nayo mpaka posta ndani ya shati. Ukurasa wa pili ulikuwa karatasi ya peke yake. Sahihi ilikuwa kwenye wa kwanza, chini ya orodha. Nilichotakiwa ni kuivuta kwa vidole viwili. Nilisimama mbele ya sanduku, watu wakinipita, na nilijua kabisa ninachotaka, nilikitaka kuliko nilivyopata kutaka kitu. Nikapaka gamu ya posta, nikaifunga na zote mbili ndani, nikaitupa. Si kwa sababu ya wema, nisidanganye mtu. Ni kwa sababu tangu ule mluzi alikuwa hajaniamini kwa kitu chochote bila mtu wa pili wa kunishuhudia, na siku ile aliniamini. Nikarudi nyumbani nikamchukia njia nzima, na kichaka nikakichukia, na chozi.

Jibu lilikuja kwa heshima zote. Bwana wa makumbusho alishukuru kwa ukweli wa Mwalimu, akasikitika kwamba hesabu yenyewe haiwezi kutumiwa, akatumaini mwaka unaofuata kumtuma mtu mwenye masikio yaliyothibitishwa. Mwaka unaofuata. Mashoka yalikuja mwezi wa tisa. Mwalimu alikwenda mwenyewe kwa hedimasta akamweleza habari ya masikio yake, na ikakubaliwa kwamba amalize mwaka. Nami sikumwiga mtu hata mmoja mpaka skuli zikafungwa, jambo lililowatia walimu wengine wasiwasi kuliko kikohozi.

Jumamosi ya mwisho ya mwaka alituita mimi na Karisa. Nilidhani tunakwenda kuagana. Kumbe amekuja na saa na madaftari matatu. Chaani palikuwa udongo mwekundu, visiki, marundo ya mawe ya kujengea. Vitambaa vyetu vilikwenda na miti yake, kwa hivyo Mwalimu alitafuta vituo kwa hatua, akihesabu kwa midomo kutoka ukingo wa reli, akisimama, akirudi nyuma mbili, mpaka akasema hapa ndipo kituo cha sita. Mimi na Karisa tukasimama mgongo kwa mgongo juu ya changarawe, na nikwambie, sijapata kusikia vizuri kama siku ile. Hapakuwa na jani la kuzuia wala tone la kudondoka. Nilimsikia fundi anagonga msumari mbali kule kwenye kota, na mwenziwe akimwambia umepinda. Nilisikia kasia likigusa ubavu wa mtumbwi horini. Nilimsikia mama mmoja ng'ambo ya maji akimkanya mtoto asikalie unga, kila neno, na mtoto akijibu hakuukalia.

Dakika ya tatu ilipokwisha, nikageuka. "Hapana kitu, Mwalimu."

Akanitazama mdomo. "Karisa?"

Karisa akatikisa kichwa.

"Twende basi," nilisema. "Unaona mwenyewe hapana hata pa kutua."

Mwalimu Shee alikuwa ameishika saa mkononi, imefunguka, penseli katikati ya kurasa. "Dakika ni kumi," alisema.

Tukapeana mgongo tena. Zilikuwa zimebaki saba.